Nepi Kavu Haina Hadhi

Serikali ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba joto la mwaka huu halitamkausha mtoto yeyote aliyesajiliwa. Mkurugenzi wa Unyevu wa Watoto Wachanga akapewa jengo, feni na mihuri minne. Mwongozo aliuandika mwenyewe, na kifungu cha saba ndicho kilichomnyima usingizi kwa raha: mtoto ataingizwa chumba cha feni akanyonyeshwe baada ya mlezi kuwasilisha nepi, au nguo mbadala, iliyolowa, kuthibitisha kuwa mtoto yupo. Wajanja ni wengi. Kunyonyesha kwenye foleni kulipigwa marufuku, kwa kuwa ni kujihudumia bila kibali.

Kazi ilikwenda vizuri. Kufikia saa sita mchana karani alikuwa amefungua majalada arobaini, yote mabichi, na ofisi nzima ilinuka mafanikio.

Ndipo akaja mama mmoja, fundi cherehani, na binti yake wa miezi minne. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, analia bila machozi, na nepi haikuwa imelowa tangu asubuhi. Karani akaigeuza mara mbili, akairudisha. Mama, roho mkononi, akamwendea mkubwa mwenyewe. Mkurugenzi akamweleza kwa upole kwamba nepi kavu haina hadhi ya kielelezo.

“Angekuwa anakojoa, baba, mimi ningefuata nini hapa?”

Swali hilo halikuwemo kwenye fomu. Mkurugenzi akashauri mtoto anyweshwe maji kidogo, apate kielelezo.

“Chini ya miezi sita hapewi maji,” akasema muuguzi wa zamu, aliyekuwa amesimama mlangoni. “Anapewa ziwa, tena kila mara joto likizidi. Kaa hapa, dada.”

Akamkalisha kwenye kiti cha Mkurugenzi, chini ya feni, akakaa naye kumwangalia mtoto. Mtoto akanyonya, akapumzika, akanyonya tena. Saa nzima ikapita kabla macho hayajamchangamka. Mkurugenzi, akiona ripoti nzuri inakuja, akampakata mtoto. Suruali yake ikalowa mpaka magotini. Mama akacheka huku machozi yanamtoka.

Karani, mtu wa kanuni, akafungua jalada jipya na kunyoosha mkono. Nguo mbadala, kifungu cha saba, na kielelezo hakitoki masjala. Mkurugenzi akasoma saini yake kwenye mwongozo mara tatu, akaanza kufungua mkanda.

Waziri akaingia na wapiga picha watatu. Alimkuta mama kwenye kiti, mtoto ananyonya tena, wala mama hakunyanyuka.

“Mkurugenzi yuko wapi?” akauliza.

“Nyuma ya kabati, mheshimiwa,” akasema karani. “Anashughulikiwa.”

“Mwambieni atoke, tupige picha ya kusimama.”