Koti la Mume Wetu

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Baridi ya kukata masikio. Ndoo ya maji uani imefunga utando wa barafu, mwembamba kama karatasi ya daftari. Nimeuvunja kwa kidole. Nimejuta.

Mkuu wa shule ametangaza kwamba wiki hii tunaruhusiwa kuvaa koti lolote juu ya sare. Lolote! Neno hilo nimelisubiri miaka mitatu.

Jioni Bibi amefungua sanduku la bati. Hulifungua mara moja kwa mwaka, kipupwe kikianza. Ametoa koti la marehemu Babu. La kahawia, kola pana, vifungo vinne: vitatu vya kahawia, kimoja cha buluu. Cha buluu alikishona Bibi siku kifungo cha nne kilipopotea, na Babu akakataa katakata kukibadilisha. Ndani kuna mfuko mwembamba aliojishonea mwenyewe, wa kuwekea kibano. Alikuwa fundi saa. Ukiingiza pua humo bado unasikia mafuta ya saa.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa najipenyeza ndani ya koti hilo, yeye akiwa amelivaa, nasikiliza saa za wateja mifukoni mwake. Hakuna hata mbili zilizokubaliana.

Bibi ameniazima! Ila Jumamosi lazima lirudi kwenye msumari wake, maana Jumamosi jioni huketi nalo mapajani. Amenionya: “Usinipotezee, mke mwenzangu. Ni koti la mume wetu.” Ananiita mke mwenza tangu nizaliwe, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Babu alikuwa analalamika kwamba wake wawili ni wengi, hasa mmoja akiwa bado ananyonya.

Mpango: Ijumaa chama cha fasihi kina usomaji. Mimi nikisimama mbele za watu, sauti hunikimbia. Kasuku, mwenyekiti wetu, husoma bila kutazama karatasi, na jina hilo alilipata hapo. Mwaka huu nitamshinda kwa koti. Ukivaa kama mwandishi, sauti itafuata yenyewe.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Siku nyeusi.

Baada ya masomo nimepitia kwa Mama Robota, muuza mitumba nyuma ya kituo cha basi. Ndiyo kwanza alikuwa amefungua robota jipya. Sikwenda kununua. Nilikwenda kuangalia tu. Naipenda meza ile kuliko maktaba, na maktaba naipenda sana. Sweta lililochakaa viwiko: mtu fulani aliegemea dirisha miaka. Gauni lenye pindo lililoshushwa mara mbili: kuna msichana mahali alirefuka. Nguo mpya haina inachojua.

Ndipo nikaliona. Koti fupi la mahameli, kijani cha giza, vifungo vilivyovikwa kitambaa. Nikavua la Babu. Nikaliweka pembeni. Pembeni wapi? Juu ya rundo. Sekunde kumi tu!

Kioo cha Mama Robota ni kidogo kama sahani, kinaonyesha bega moja moja. Nimetazama la kulia. Nimetazama la kushoto. Nimejiona kwenye jalada la nyuma la kitabu changu cha kwanza, kidevu juu ya ngumi. Nilipogeuka, rundo lilikuwa limeshapinduliwa, na koti la mume wetu halipo.

Mama Robota hakuficha. Amesema ameuza koti la kahawia sasa hivi, lenye kifungo kimoja cha buluu. Hata yeye alishangaa, hakumbuki kuliona robota lilipofunguliwa, akamshukuru Mungu. Nimemwambia lilikuwa langu, na bado lilikuwa na joto langu. Amesema: “Pole, Profesa. Lakini kilicholala juu ya rundo ni cha rundo. Mbona wenzako hujifunga makoti yao kiunoni?” Nimetazama. Kweli. Meza nzima, kila mtu na koti lake kiunoni.

Aliyenunua ni nani? Kijana. Kijana gani? Wa miguu miwili, mwenye haraka.

Nimetetemeka mpaka Mama Robota akanionea huruma, akaniachia lile la mahameli bure. Limenibana makwapani. Nimestahili.

Nyumbani Bibi ameuliza koti liko wapi. Nimesema liko shuleni, kwenye maonyesho ya mavazi ya zamani. Maonyesho gani? Sijui! Mdomo umejisemea. Bibi amefurahi. Ameuliza ni lini. Nimesema Ijumaa. Amesema atakuja.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Maonyesho hayapo. Kwa hiyo lazima yawepo.

Nimeamka alfajiri nikamwandikia mwalimu mlezi wa chama barua ya kurasa nne. Nimependekeza usomaji wa Ijumaa uwe Siku ya Mavazi ya Zamani: kila mtu aje na vazi kuukuu na asome habari zake. Huu ni mtego wenye milango miwili. Bibi atapata maonyesho yake. Na huyo kijana wa miguu miwili, kama ni wa shule yetu, ataniletea koti kwa miguu yake yote miwili. Akili ninazo. Tatizo langu ni mikono tu.

Sikuthubutu kumpa mwalimu barua ana kwa ana. Nimeiweka mezani kwake nikakimbia.

Saa sita mwalimu ametangaza darasani kwamba amekubali, tena amefurahi mno. Amempongeza Kasuku kwa wazo zuri. Kasuku! Barua nilisahau kuitia sahihi. Kasuku amesimama, akasema hapana, mwalimu, si mimi. Mwalimu akasema tazameni, na unyenyekevu anao. Wote wakapiga makofi. Nami nimepiga.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Nimesimama langoni tangu asubuhi, nakagua migongo. Pua imekuwa nyekundu kama nyanya. Nimeliona koti la kahawia, kola pana! Nimelifuata uwanjani, nimelifuata ngazini, nimelifuata mpaka mlango wa choo cha walimu. Mwalimu wa historia amegeuka, akaniuliza kama nina swali. Nimemuuliza vita vya kwanza vya dunia vilianza lini. Amenieleza robo saa nzima, tumesimama palepale. Amesema angependa wanafunzi wote wawe na kiu kama yangu.

Shule nzima imeshikwa na homa ya makabati. Jirani yangu wa dawati amefukua bugaluu ya baba yake, ile suruali iliyopanuka chini, unaweza kuficha paka kila mguu. Amesema alipoijaribu jana, baba yake aliacha gazeti, akamwomba azunguke tena. Kisha baba na mama wakaanza kubishana ni siku gani waliyocheza muziki hadi baba akaikanyaga, akaanguka. Bugaluu ina mshono gotini. Ushahidi.

Mimi ndiye niliyeyaanzisha haya yote. Hakuna ajuaye. Sijui kama ninaona fahari au njaa.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Ukumbi baridi, pumzi zetu zinaonekana. Bibi mstari wa mbele, kitambaa chake kizuri kichwani, mkoba mapajani.

Nimesoma mimi wa tatu, ndani ya mahameli. Sentensi mbili zimesikika. Ya tatu imesikiwa na meza peke yake. Nadharia yangu ya mavazi na sauti inahitaji marekebisho.

Kasuku amekuja wa mwisho. Amevaa koti la mume wetu.

Nimelijua kwa kola. Lakini vifungo vyote vinne vilikuwa vya kahawia! Amesema, bila karatasi, kwamba koti lilikuwa la babu yake, nahodha wa meli, na kwamba mfuko mwembamba wa ndani ulikuwa wa kalamu ya kuchorea ramani. Amesema dhoruba saba zimepita juu ya mabega yale. Ukumbi ukaguna kwa raha. Nilitaka kusimama. Nikakalia mikono yangu.

Bibi akainua mkono. Ameomba, kama si usumbufu, alisogelee koti. Kasuku akashuka jukwaani. Bibi akashika ukosi, akafunua, akaingiza pua kwenye mfuko mwembamba. Akakaa hapo. Moyo wangu unapiga kama saa zote za Babu kwa pamoja.

Kisha akamwambia Kasuku kwamba babu yake lazima alikuwa nahodha hodari, maana alizitunza saa zake vizuri. Akarudi kuketi. Kasuku amebaki mdomo wazi. Mara ya kwanza katika historia ya chama.

Njiani nimeungama yote: rundo, kioo, maonyesho. Nilisubiri radi. Bibi amecheka mpaka akaketi juu ya ukuta wa nyumba ya watu. Ameniambia nisubiri kesho.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Kasuku amebisha hodi saa nne. Koti limekunjwa ndani ya gazeti, kifungo cha buluu kiganjani. Alikibadilisha akidhani ni kasoro. Amesema alilinunua kihalali, lakini tangu jana, Bibi aliponusa mfuko, limemlemea. Kisha, akitazama viatu vyake, akasema babu hana anayemjua, wa upande wowote, na mtu akiamua kujitungia babu, kwa nini asimtunge nahodha. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya ukurasa mzima. Nimeyameza.

Bibi amempa chai, sindano na uzi. Kifungo akishone mwenyewe. Alipokuwa anashona, Bibi akasimulia.

Koti lile halikuwa la Babu! Lilikuwa la kaka yake Bibi. Kipupwe kama hiki, miaka hamsini nyuma, kaka yake alilivua kwenye meza ya mitumba ajaribu jingine, akaliweka juu ya rundo. Alipogeuka, fundi saa mmoja kijana alikuwa ameshalilipia. Bibi, aliyekuwa na mbio kuliko kaka yake, akatumwa amfukuze. Mitaa mitatu! Alipomshika, fundi akakataa kulivua, akisema ndani ana fulana tu, tena imetoboka, naye hawezi kuonekana hivyo na msichana mzuri. Akamwomba aje dukani kesho. Kesho akaja. Akaambiwa koti limefuliwa, bado halijakauka. Keshokutwa pia halijakauka. Mvua haikuwa imenyesha. Bibi alijua. Alikwenda hata hivyo, mwezi mzima.

“Koti halikurudi,” amesema. “Kaka yangu akapata shemeji.”

Kasuku amejichoma sindano.

Kwa haki nimempa lile la mahameli. Limemkaa kama lilishonwa juu yake. Inauma.

Jioni koti limerudi mapajani mwa Bibi. Nimeegemea kola. Tumekaa hivyo mpaka chai ikapoa, wake wote wawili.

Jumatano, tarehe 17 Julai

Nimetafakari siku nne. Funzo liko wazi. Bahati ya familia yetu iko juu ya rundo. Kosa langu lilikuwa kuliweka koti bila kukusudia.

Kwa hiyo leo, baada ya masomo, nimevua sweta langu la shule, nimeliweka kwa uangalifu juu ya rundo la Mama Robota, nikajificha nyuma ya kibanda cha fundi viatu kusubiri hatima yangu. Fundi ameuliza namsubiri nani. Nimesema bado simjui. Amesema basi nivae kitu.

Nusu saa. Meno yakigongana kama cherehani. Nimekwenda kuota moto kwa muuza chai, dakika tano tu. Niliporudi, sweta halipo. Limenunuliwa! Na nani? Mama Robota, akiwa ndani ya rundo mpaka kiunoni, amesema: na mtu mwenye bahati.

Nimekimbia mitaa mitatu, kila upande. Hakuna mtu.

Nyumbani Bibi amenipokea mlangoni, uso unang'aa. Leo amepita kwa Mama Robota na amenipatia sweta la akiba: rangi ya shule yetu, kipimo changu hasa, hata kiwiko kimetoboka palepale ninapotoboa mimi. Amesema limeachwa na mtoto mzembe, na anamhurumia mlezi wake.

Nimelivaa. Lilikuwa bado na joto kidogo.

Jumatano ijayo nitajaribu na skafu.