Mkono Wangu Chini ya Shuka

Jumatano, 5 Februari

Soko la mifugo. Jua kali, aibu kali zaidi.

Nilikuwa na mnunuzi wa Nairobi na fahali mwekundu, mnyama wa kujivunia. Tukafunika mikono kwa shuka langu, kama sisi madalali wa Garissa tunavyofanya, vidole vikaanza kusemezana bei bila watu kusikia. Mambo yalikwenda vizuri. Halafu kati ya vidole ikaja ile kuwasha. Siku kadhaa sasa inanijia. Nikambana yule bwana vidole bila kukusudia. Akatabasamu, akashukuru, akaondoka na fahali. Kumbe nimeshusha bei mwenyewe! Mwenye fahali hajaniambia neno mpaka sasa, na hilo ndilo linalonitisha.

Adow alikuwa pembeni. Ni dalali mwenzangu, na kila nikiteleza yeye yuko karibu. Akanipa pole kwa sauti ambayo hata ngamia waligeuka.

Alhamisi, 6 Februari

Mke wangu Ubah amenikuta nikijikuna kwa uma. Akaushika mkono, akaugeuza, akaona vipele kati ya vidole na kwenye kiwiko cha mkono. Akasema huu ni upele, niende zahanati. Nikasema ni joto. Akauliza ni joto gani linalochagua kati ya vidole, tena linangoja mtu alale ndipo lianze. Nikamwambia maswali mengi hupunguza baraka.

Ukweli nauandika hapa tu. Mkono wa dalali ndio duka lake. Ikijulikana nina upele, nani atauingiza wake chini ya shuka langu? Nitabaki kufukuza nzi huku Adow akiuza. Kwa hiyo zahanati hapana. Foleni ya kule ina macho.

Nina mpango. Ngamia akipata upele, wachungaji humpaka oili chafu ya lori. Kinachomfaa ngamia kitanishinda mimi?

Ijumaa, 7 Februari

Kimenishinda. Ngamia ana ngozi ya ngamia.

Mikono imevimba na inaungua. Ubah amenitoa nje nikae na mbuzi. Mbuzi wakahama. Msikitini safu ilikuwa imebanana kote isipokuwa kulia kwangu na kushoto kwangu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole hii harufu ni ya nini. Nikasema nilikuwa natengeneza gari. Akauliza gari gani. Sina gari.

Jumatatu, 10 Februari

Mpango mpya: glavu za ngozi, nyeusi, za mwendesha pikipiki. Nikatangaza kwamba huu ni usafi wa kisasa. Mnunuzi wa mbuzi akaingiza mkono chini ya shuka, akapapasa, akautoa haraka. Akasema hafanyi biashara na mkono asioujua.

Kufikia Alasiri Adow alikuwa ameeneza habari kwamba mimi, Warfa, nina kidole cha sita. Watu wawili wamekuja kunijulia hali nyumbani. Nimewaona wakihesabu.

Jumanne, 11 Februari

Subhanallah. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliona vipele kwenye tumbo la Nasteha, binti yangu mdogo, na kati ya vidole vyake. Usiku hakulala. Alikuwa akijikuna na kulia polepole, kama mtu aliyechoka kulia. Nilijisikia vibaya mno. Ubah hakunilaumu. Alimfunga mtoto mgongoni akavaa viatu. Nikafuata hadi zahanati.

Daktari anaitwa Darare, Mborana kutoka upande wa Wajir, binti mwenye maneno machache. Akatazama mikono yetu sote. Akaniparua kidogo kati ya vidole, akaweka kilichotoka juu ya kioo, akaniita niangalie kwenye hadubini.

Kulikuwa na mnyama! Mwenye miguu minane mifupi, mgongo wa duara, amejaa nywele ngumu, anatembea. Utitiri, akasema Darare. Jike lake huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo akisonga mbele. Mimi ninayemfungua ngamia mdomo nikajua umri wake, sikujua kwamba mkononi mwangu kuna boma zima, na wenyewe wanazaa. Sikutaka kuondoka pale. Nani alimfundisha kazi hiyo, mdogo namna ile, asiyeonekana? Darare ilibidi anivute kanzu.

Nikamuuliza kama ngamia ndiye aliyeniambukiza. Akasema utitiri wa ngamia huweza kukuwasha siku chache lakini hauishi kwa binadamu. Huu ni wa watu. Salamu ya haraka haina hatari kubwa. Unapita ngozi ikishikana na ngozi kwa muda mrefu. Akauliza kazi yangu ni nini. Nikamweleza habari ya shuka. Akaweka kalamu chini, akaniangalia, akacheka mpaka akafuta machozi. Mdudu asiye na macho ametambua soko letu kuliko sisi!

Masharti yake: nyumba nzima ipakwe dawa siku moja, pamoja na kila niliyeshikana naye, hata asiyewashwa, maana utitiri huweza kukaa wiki kadhaa kabla mtu hajahisi. Baada ya wiki, mara ya pili. Nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani. Tukipona, mwasho unaweza kubaki wiki mbili tatu hata kama wadudu wamekufa. Lakini mmoja akikwepa, wote wataanza upya.

Kesho anakuja sokoni. Nitasema aliyeleta ni Adow.

Jumatano, 12 Februari

Darare alisimama mbele ya madalali akauliza nani anawashwa. Mikono yote ikaingia chini ya mashuka.

Nilikuwa tayari na hotuba yangu kuhusu Adow. Nikamsogelea ili nimnyooshee kidole vizuri. Nikasikia harufu. Oili chafu ya lori. Tukatazamana. Hotuba ikanitoka kichwani.

Halafu mzee mmoja akashindwa, akaanza kujikuna. Wa pili. Wa tano. Mara soko zima linajikuna, wanaume wenye ndevu za hina, sauti kama mbuzi wanaotembea juu ya majani makavu. Siku zote hizo tulikuwa tukifichana kitu kimoja kwenye mikono ile ile.

Darare amepanga tupake baada ya Isha, ili udhu usiioshe dawa, na tuoge kabla ya Alfajiri. Shingoni hadi nyayoni. Ya Nasteha imepunguzwa makali. Aliponiona nimekuwa mweupe kote alicheka, mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 13 Februari

Mtaa mzima umeanika. Kila ua una blanketi, kila mti wa miba una kanzu. Sijawahi kuona Garissa namna hii hata sikukuu. Nilizunguka mara mbili kuangalia tu.

Jumatatu, 17 Februari

Nasteha amelala usiku kucha. Nilimsikiliza akipumua nikamshukuru Mungu. Mikono yangu inakauka. Adow ameniita walaal, yaani ndugu, nami nimemwitikia. Mashuka yamerudi kazini.

Alhamisi, 20 Februari

Jana ilikuwa mara ya pili ya kupaka dawa. Wote wamepaka. Karibu wote.

Maana asubuhi ya jana hiyo hiyo nilikuwa nimechukua ngamia mmoja kutoka Habaswein, jike zuri sana ila upele umemla shingo, hakuna aliyemtaka. Nikatazama chupa yangu ya dawa. Nikafikiri: dawa iliyomaliza boma zima mkononi mwangu, kwa ngamia itafanya maajabu gani? Na mimi nimeshapona. Nikammiminia yote. Akailamba, akanipiga teke la nyonga. Ubah nimemwambia nilijipaka mwenyewe, chooni.

Leo jioni kuna kitu kinatekenya kando ya kidole cha mwisho. Daktari si alisema mwasho hubaki wadudu wakiwa wamekufa? Basi wamekufa. Elimu ni kitu kizuri sana. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana Nasteha amesinzia kifuani pangu akiwa ameushika ule wa kulia, na sitaki kumwamsha.