Mapengo ya Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa kazini wanaamua: naajiriwa au natimuliwa. Shemeji ametangaza mezani kwamba bila ajira nitawaachia kochi lao. Lakini nina mbinu. Miwani, mpinzani wangu kazini, ndiye aliyeandika programu inayogawa memori, yaani nafasi ya kuwekea data, kwenye mashine zetu za kufungulia milango kwa kadi. Anaacha mapengo matupu kila mahali, eti kila data ianzie kwenye nafasi ambayo namba yake inagawanyika kwa nane. Ubadhirifu! Nitayafuta, meneja aone nani anajua kubana matumizi.

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta. Kwenye kompyuta yangu, safi kabisa. Miwani ameuliza kama nimejaribu kwenye mashine yenyewe, maana chipu yake haisomi data iliyokaa upogo, nje ya zile nane. Wivu huo! Nimeiweka programu kwenye mlango wa ofisi kimyakimya.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mlango unamfungulia mhasibu, unamfungulia mfagiaji, unamkatalia meneja. Kalowa mvua huku ananitazama kupitia kioo. Nikasema ni umeme, nikamfungulia kwa ndani. Hakunishukuru.

Alhamisi, 6 Machi
Sikupata usingizi. Nimegundua! Jina la mhasibu lina herufi nane, la mfagiaji kumi na sita, hivyo data inayofuata jina inakaa sawa kwa bahati tu. Nikawaendea wenzangu mmoja mmoja, nikawasihi warefushe majina. Meneja akauliza kama niko mzima. Basi nikaongeza nafasi tupu mwishoni mwa kila jina, kwa mkono, hadi hesabu igawanyike kwa nane. Mlango ukafunguka! Miwani akachungulia, akasema hayo ni mapengo yake yaleyale. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Amekuja mteja mkubwa. Kadi mpya, jina ambalo sikulijazia. Mlango wa nje ukajifunga nyuma yake, mashine ikazima kabisa, naye kanaswa kabla ya mlango wa ndani! Miwani akarudisha programu yake, mteja akatoka anacheka. Cha ajabu, Miwani akanitetea kwa meneja: eti sasa najua kwa nini mapengo yapo. Nimeongezewa mwezi wa majaribio. Shemeji naye ameongeza mwezi wa kochi, shingo upande. Meneja ana sharti moja tu: nisiguse tena memori.

Memori! Diski hajaitaja. Nimeichungulia jioni hii. Mapengo kibao! Miwani atanikoma.