Kamati ya Mlio wa Paka wa Masjala

Kwa mamlaka niliyopewa kama Katibu wa Kamati, nina heshima kuutangazia umma kwamba suala la mlio wa paka wa masjala limeshughulikiwa kikamilifu. Hakuna aliyeathirika isipokuwa mtu mmoja, naye anaendelea vizuri, ukiacha viatu vyake.

Kwa wasioijua ofisi yetu, masjala ni chumba cha mafaili, na paka anayehusika anaitwa Karani. Aliajiriwa baada ya panya kula kamusi yetu kubwa ya Kiingereza. Walianzia nyuma, wakala mpaka herufi ya T, kisha ama walishiba ama walichoka na lugha yenyewe. Mama Chai, anayetuandalia chai, ndiye aliyemleta Karani akiwa mdogo kiasi cha kulala ndani ya birika. Akamlea kwa maziwa ya ofisi, chini ya fungu la ukarimu kwa wageni. Tangu hapo panya wakahamia stoo ya nje, kule kunakotupwa viti vibovu, na sisi tukafanya kazi kwa amani, siku tulizofanya kazi.

Sasa, Mkurugenzi wetu amesoma ng'ambo. Alikaa huko miezi sita na hajaturuhusu kusahau hata mmoja. Siku moja mgeni kutoka makao makuu alikuwa akipita kwenye korido baada ya chakula cha mchana, akasikia sauti ya ajabu. Akasimama, akauliza ni nini. Mkurugenzi akatoka ofisini kwake mbio, akafunga mlango nyuma yake na kujibu kwamba ni paka.

"Paka analia hivyo?" mgeni akashangaa.

"Kwa Kiingereza kuna kitenzi chake maalumu," akasema Mkurugenzi. "Wanasema 'wrawl'. Nyinyi wa huku hamna."

Mgeni akaondoka ameridhika. Jioni hiyohiyo likashuka agizo la Mkurugenzi kwamba Karani atimuliwe kwa kosa la 'wrawl'.

Mama Chai alikuja mezani kwangu macho mekundu. "Katibu, huyu paka hajawahi kupiga kelele. Ukimkanyaga mkia anakuangalia tu. Mnamfukuza kwa kosa gani?"

"Kosa lipo, mama. Ila hatujalielewa."

Na hapo ndipo penye utaratibu wetu, ambao najivunia. Kwa mujibu wa kanuni, mtumishi yeyote, hata wa miguu minne, haondolewi kabla ya kusomewa kosa lake kwa lugha rasmi. Kosa lilikuwa kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa tumboni mwa panya. Ikaundwa Kamati: Mwenyekiti mtafsiri wetu mkuu, tunayemwita Kamusi kwa kuwa ndiyo iliyobaki, na Katibu mimi.

Tulimwita Mkurugenzi atufafanulie.

"Ni mlio wa kuvuta," akasema. "Wa kinyonge, lakini unadai kitu."

"Si nyau?" Kamusi akauliza.

"Nyau ni ya paka wa kawaida. Hii ni hivi." Akafumba macho, akatuonyesha. Alituonyesha vizuri mno, kama mtu mwenye mazoezi. Tukampigia makofi.

Baada ya hapo niliandaa amri: "Kiumbe yeyote atakayethibitika kutoa mlio wa kuvuta, wa kinyonge na wa kudai, saa za kazi, atahamishiwa stoo ya nje mara moja, bila kujali cheo wala umri." Nilikuwa nimeandika "paka", Mkurugenzi akalikata, akisema neno hilo linashusha hadhi ya hati. Hayo mengine ya cheo na umri huwa naweka katika kila amri, na hakuna mkubwa aliyewahi kufika huko akisoma. Akatia saini. Nakala ikaenda makao makuu.

Kilichobaki kilikuwa uthibitisho. Siku iliyofuata, baada ya chakula, Kamati ilikaa kwenye korido juu ya vigoda. Mtuhumiwa aliletwa na Mama Chai, akalazwa mapajani kwake. "Nyamaza, mwanangu," alimnong'oneza. "Leo tu, nyamaza."

Karani akanyamaza. Akalala kabisa.

Mara mlio ukasikika. Mrefu, wa kuvuta. Sote tukamkodolea Karani mdomo. Ulikuwa umefungwa. Kamusi akainama, akamwekea sikio.

"Huyu anakoroma tu," akatangaza.

Mlio ukaja tena, safari hii na maneno ndani yake, ukipita chini ya mlango wa Mkurugenzi.

"Mamaaa... na mimi-i-i... Mwenzangu wamempa gari jipyaaa..."

Sauti ya bibi mzee ikajibu kwenye spika ya simu: "Pole, baba. Lakini umekula?"

"Nimekula, mamaaa..."

Kamusi akanigeukia bila kucheka. Huyo ndiye mtumishi wa umma. "Unavuta?"

"Unavuta."

"Wa kinyonge?"

"Sana."

"Unadai?"

"Gari jipya."

Mama Chai alijiziba mdomo kwa aproni, mabega yakimcheza. Karani alifungua jicho moja, akaona jambo halimhusu, akalifumba.

Mkurugenzi alipopelekewa taarifa alipandisha mori. "Amri hii ni ya paka!"

"Mheshimiwa, hamna paka humu. Ulimkata mwenyewe. Imeandikwa kiumbe."

"Kwani mimi ni kiumbe?"

Kamusi alitafakari. "Mpaka ithibitishwe vinginevyo."

Angeweza kuifuta. Lakini makao makuu walikuwa wameshapiga simu kuusifu ukali wake, na kuuliza kama mkosaji ameshahama. Ama ahame, ama awaeleze kwa nini. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Akabeba koti lake mwenyewe.

Karani sasa analala kwenye kiti cha kuzunguka cha Mkurugenzi. Ofisi haijapata kiongozi mtulivu kama huyo: hafokei mtu, na hajataja ng'ambo.

Wiki haikuisha, Mkurugenzi akatokea mlangoni pa masjala. Nywele zilikuwa na utando wa buibui, na kiatu cha kushoto kilikuwa na dirisha.

"Katibu," akasema taratibu. "Kule kuna panya. Naomba mnisaidie. Nipeni Karani, hata mchana tu."

Nilimhurumia, nakiri. Lakini kanuni ni kanuni. "Mheshimiwa, panya nao wamekuwa humu kabla yangu na yako. Hawaondolewi bila kusomewa kosa lao kwa lugha rasmi. Wanaliaje?"

Akawaza. Akafumba macho, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Usijaribu, baba," Mama Chai akamzuia, akimsogezea kikombe na kigoda. Alikuwa ameshamsamehe, ni mwepesi wa kusamehe mtu aliyekondeana. "Umekula lakini?"

Mkurugenzi akakikalia kigoda.

"Sijalaaa, mamaaa..."

Kamusi akaniangalia. Nikachukua kalamu.