Mbuzi Nisiye Naye Amepatikana

Jumatatu, 10 Machi
Balaa. Mkurugenzi wa redio yetu, Mama Vestine, kasema kipindi changu cha vitu vilivyopotea hakina wasikilizaji. Simu hazilii. Hali ikiendelea hivi hadi Ijumaa, anakichukua Kabatesi, ambaye tayari ana mjadala wa asubuhi, salamu, na kicheko kinachosikika hadi Goma. Mimi nina hicho kimoja tu! Nimeumia. Nimekunywa chai. Nimepata wazo.

Jumanne, 11 Machi
Nimetangaza kwamba mbuzi wangu amepotea. Mbuzi sina. Mwenye nyumba hataki hata kuku. Lakini nani atamwona asiyekuwepo? Nikamwelezea vizuri hewani: jike, mweusi, pembe ya kushoto imevunjika, doa jeupe sikioni. Sauti ilinitetemeka. Jamani, nilianza kumkumbuka.
Simu zimelia mchana kutwa, watu wananipa pole. Kabatesi kanuna. Raha!

Jumatano, 12 Machi
Mbuzi amepatikana.
Sielewi. Mukantwari, muuza viazi wa Busasamana, kaingia studio akimvuta kwa kamba. Jike. Mweusi. Pembe ya kushoto. Doa! Kasema alimkuta shambani akila maharage yake, kisha akasikia redio, akajua ni wa Jado, yaani mimi. Nikamtazama mbuzi, mbuzi akanitazama. Ningesema nini? Wenzangu wanapiga makofi, Mama Vestine anafuta machozi. Nikamkumbatia. Nikamnunulia Mukantwari fanta ya shukrani, ndiyo desturi, naye akaomba na ya mumewe.
Sasa yuko kwangu chini ya meza. Amekula pazia. Au niliwahi kuwa na mbuzi nikasahau? Nimempigia mama kumuuliza. Kasema nipumzike.

Alhamisi, 13 Machi
Kabatesi kafanya mjadala mzima kuhusu mbuzi wangu, na kuniagiza nimlete studio. Kumbe mzee Twagirimana wa Kanzenze anasikiliza! Kafika na mkuu wa mudugudu, kijiji chake. Mbuzi alipomwona tu, akalia na kumkimbilia. Mimi hajawahi kunikimbilia. Imeniuma, sijui kwa nini. Mzee hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Kaniuliza tukiwa hewani:
"Bon, mbuzi iko yangu. Lakini we ulijua pembe yake namna gani, na mi sikuambia mutu?"
Nikamkabidhi kamba. Nilidanganya kwa moyo wote, ikatoka kweli.

Ijumaa, 14 Machi
Foleni mlangoni tangu asubuhi. Wananitaka mimi. Wanasema Jado anaona. Mmoja anatafuta baiskeli, mwingine mume aliyevuka mpaka kununua sabuni. Nimewaambia sioni kitu. Wakasema waonaji wote husema hivyo.
Mama Vestine kaamua: kipindi kinabaki, watu wanakipenda. Nikaruka kwa furaha. Kisha akasema kitatangazwa na Kabatesi, kwani asiyemjua mbuzi wake hawezi kukabidhiwa mbuzi wa watu. Mimi nitakaa getini kupokea wanyama.

Jumapili, 16 Machi
Nimetafakari ibada nzima, mahubiri sikuyasikia. Kosa nimeliona. Si uongo. Ni pembe! Mbuzi wa pembe iliyovunjika wako kila kilima. Kesho nitampigia Kabatesi nikibana pua: nimepoteza ng'ombe, mweupe tupu isipokuwa mguu mmoja wa nyuma mwekundu, kengele shingoni. Huyo hayupo popote. Kabatesi atahangaika hadi arudishe kipindi.
Nimeshamwomba jirani nafasi ya ng'ombe uani.