Benchi Ndani ya Moto

Jumatatu, 3 mwezi wa tatu 1975
Jumapili mwaka unatimia tangu mke wangu Colombe afariki. Nina mpango! Nitamjengea sheminee, meko ya ukutani ya Kizungu. Miaka sita alifua nguo kwa Mwingereza mwenye mashamba ya kahawa, kule Katana. Kila jioni alinisimulia ile nyumba: boriti nyeusi, dari ya chini, na sheminee pana yenye benchi humo humo ndani. Alisema mutu na bibi yake wanaweza kuikala ndani ya moto bila kuungua. Miaka sita niliahidi kumjengea kama hiyo. Dada yake Séraphine atakuja baada ya misa. Ataiona.

Jumanne, 4
Jirani yangu Donatien, fundi wa kujenga, amecheka mpaka kofia ikaanguka. Ati papa Cirhuza, moto ndani ya salon, chumba cha wageni? Unataka kukausha samaki? Kisha akajitolea kusaidia. Nimekataa. Hajui nyumba za Kiingereza. Mimi pia sijui, lakini nilikuwa na mke aliyejua.

Jumatano, 5
Katana. Mwingereza aliondoka mwaka juzi, mashamba yalipogawiwa wananchi. Nyumba sasa ni ghala la maharagwe. Mlinzi ameniruhusu kupima kwa kamba. Nimepanda mpaka juu ya paa. Nimeandika yote, hata bati lililopigiliwa misumari juu ya bomba la moshi. Sitaacha kitu!
Benchi limelika upande wa kushoto. Hapo ndipo Colombe alipokuwa akikaa kukausha soksi, Mwingereza akiwa safarini. Nimeligusa kidogo.

Ijumaa, 7
Nimetoboa paa. Mvua imeingia kabla ya tofali la kwanza. Sufuria zote zimekinga maji.

Jumamosi, 8
Imekwisha! Donatien ameuliza lile bati la juu ni la nini. Nimemjibu kwamba hata Katana lipo, Waingereza hufanya hivyo. Ameshika kofia yake, akaondoka. Wivu.

Jumapili, 9
Misa nzuri. Wageni wameketi. Nimewasha moto.
Moshi! Wote nje, wanakohoa, machozi tele, hata wale ambao hawakumlilia marehemu. Donatien amepanda juu na kung'oa bati. Ati papa, la Katana aliliweka mwenye maharagwe, magunia yasilowe! Wewe umeziba pua ya nyumba! Séraphine amecheka huku akilia. Ati shemeji, hata Colombe angekimbia.
Moshi ukapanda vizuri. Walipokwisha kwenda, nimekaa ndani ya moto, upande wa kulia. Sikuungua. Benchi linatosha watu wawili kabisa.

Jumatatu, 10
Nimemwahidi Donatien kwamba siku nyingine nitauliza kwanza. Ahadi ya kweli.
Lakini Séraphine, akiaga, alinikumbusha kwamba Colombe aliipenda sana pia ngazi ya ile nyumba, akipanda na mashuka yenye joto la pasi. Kweli! Niliisahau vipi?
Tangu asubuhi ninakata mbao. Donatien amechungulia, akauliza ngazi itafika wapi, nami sina ghorofa. Nimemwambia aende zake. Hajui nyumba za Kiingereza.