Nyumba Zilizotolewa na Redio

Ninayo heshima ya kuujulisha umma kwamba, katika mwaka ule wa wageni wakubwa, tatizo la makazi mjini Kampala lilimalizwa jioni moja, kabla ya taarifa ya michezo. Nathibitisha hilo kwa sababu mimi, Wanyama, nilikuwa Afisa wa Habari na Ufafanuzi wa Baraza la Jiji, na tangazo lenyewe niliandika mimi.

Baraza letu lilikuwa la kisasa. Zamani madiwani walichaguliwa na wananchi, jambo lililoleta kelele na mabango. Utawala wa kijeshi uliwapunguzia wananchi usumbufu huo. Mwenyekiti, Meja Drani, aliteuliwa. Madiwani nao waliteuliwa. Nusura Fadhul, mama wa Kinubi aliyeuza mikeka na vitambaa, aliteuliwa kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa sajini, na kwa kuwa Meja aliambiwa ni mama mkimya. Aliyemwambia hivyo hakuwahi kununua mkeka kwake.

Mara tu alipoapishwa, Mama Nusura alianza kufanya jambo lisilotarajiwa kwa diwani: aliwatembelea watu. Aliuliza kwa nini wafagiaji wa jiji wanazoa taka kwa mikono mitupu. Aliuliza kwa nini wakimbizi wa Kongo wanalipa kodi ya soko na hawana meza sokoni. Meja aliniagiza nichunguze kama huo ni ugonjwa.

Kisha likaja suala la Laini. Hivyo ndivyo tulivyoviita vyumba vya mstari karibu na Port Bell, vilivyojengwa na wakoloni kwa ajili ya vibarua wa bandari. Waliishi humo vibarua, wafagiaji na Wakongo, pamoja na wake zao, watoto wao na moshi wao. Wageni wakubwa, marais waliokuja kwa mkutano, wangepita barabara hiyo.

"Kesho asubuhi tingatinga inaingia," Meja alitangaza kikaoni. "Wageni hawawezi kuona suruali ya vibarua kwenye kamba."

"Sawa, afande," Mama Nusura alisema. "Na watu wanaingia wapi?"

"Watu gani?"

"Wenye suruali."

Meja alikunja uso. "Watahamishiwa nyumba bora."

"Nyumba bora gani, mwanangu?"

Neno "mwanangu" sikuliingiza katika kumbukumbu za kikao.

"Nyumba bora ni nyumba bora! Jioni redio itatangaza. Wanyama ataandika."

"Basi aandike vizuri." Mama Nusura alinigeukia kwa uso wa upole. "Wewe umesoma chuo cha Kyambogo. Wageni wanakuja na waandishi wao. Ukiandika 'nyumba bora' tu, watauliza ziko wapi, na utaaibisha serikali. Weka mahali. Weka rangi ya ukuta."

Sikuwahi kusikia hoja ya kitaalamu zaidi katika ukumbi ule. Niliketi, nikaandika kwamba wakazi wote wa Laini wamekwisha kuhamia nyumba za kuta nyeupe na vigae vyekundu, ufukweni Luzira, zenye maji ya bomba ndani. Ya kwanza, yenye geti la kijani, ina varanda inayotazama ziwa. Nikaongeza kwamba Laini zenyewe zimekwisha kubomolewa. Nilitumia wakati uliopita kwa sababu wageni hupenda kazi iliyokamilika.

Ni kweli kwamba nyumba pekee za namna hiyo nilizowahi kuziona ni zile nilikopeleka majalada ya kutiwa saini, yaani nyumba za maafisa. Wenyewe, Wahindi, walifukuzwa nchini mwaka sabini na mbili, na maafisa wakakubali kuishi humo ili zisije zikapata upweke. Lakini mwandishi mwaminifu huandika anachokijua.

Meja alitia saini bila kusoma. Mkubwa anayesoma kabla ya kusaini huonekana kana kwamba anamshuku msaidizi wake, na Meja alikuwa muungwana.

Msomaji kijana huenda hajui redio ilikuwa nini wakati ule. Waziri alijua kwamba si waziri tena kwa kusikia redioni, pamoja na mpishi wake. Alikuwa akiweka kijiko chini, anamkabidhi dereva funguo, anaanza kutembea. Hakuna aliyesubiri barua. Barua inaweza kughushiwa. Kilichotangazwa kimekuwa, na kisichotangazwa, hata ukikishika mkononi, bado. Ni Meja mwenyewe, kwa kalamu yangu, aliyeutangazia mji kwamba atakayeitilia shaka redio atahesabiwa mhujumu wa uchumi, na wahujumu wa uchumi walikuwa wakipelekwa mahali ambapo sikuwahi kutakiwa kupaeleza.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa getini kwa Meja na jalada langu nilipoona barabara imejaa magodoro. Mbele alikuwa Mama Nusura, na nyuma yake Bibiane Kavugho, Mkongo aliyekaanga samaki bandarini, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Alikuwa amefungasha vyake tangu jana yake. Tingatinga lilikuwa limekwisha kuegeshwa mlangoni pake, naye hakuwa na ndugu wa kumpokea popote Uganda.

"Mama Nusura, ni hapa kweli?" Bibiane alinong'ona. "Miye naogopa. Hapa ni kwa basoda, kwa wenye bunduki."

"Geti ni rangi gani?"

"Kijani."

"Basi ni hapa."

Koplo wa zamu alipiga saluti na kufungua milango yote miwili ya geti. "Karibu. Mimi nasikia redio jana. Nangoja nyinyi tangu alfajiri."

Meja alitokea varandani akiwa na fulana, mswaki mdomoni. "Koplo! Hii watu ni nini?"

"Ni wenye nyumba, afande."

"Nyumba ni yangu!"

"Ilikuwa, afande. Redio nasema."

"Redio imekosea!"

Sufuria zote ziliacha kugongana. Koplo aliangalia viatu vyake kama mtu anayejua kwamba ataulizwa alichosikia. Kibarua mmoja aliziba masikio ya mwanawe.

"Sema tena, afande," Mama Nusura aliomba kwa heshima. "Walio nyuma hawakusikia. Na huyu Wanyama aandike. Ndiyo kazi yake."

Nilitoa kalamu. Wajibu ni wajibu.

Meja aliutoa mswaki mdomoni. Sikuwahi kumwona akifikiri. Lilikuwa jambo la polepole, lililoanzia shingoni. Alimtazama koplo, akaitazama kalamu yangu, akautazama umati.

"Nasema redio imekosea saa," alisema mwishowe. "Ilitangaza mmefika jana. Mbona mmechelewa?"

"Tusamehe, afande," Bibiane alijibu. "Godoro zilikuwa na uzito."

Meja aliwasamehe. Nilipendekeza picha, nayo ikapigwa akimsaidia Bibiane kutua sufuria. Maafisa wa nyumba nyingine, ambao nao walikuwa na redio, walikwisha kuondoka kabla ya adhuhuri. Mmoja aliacha mayai yakiendelea kukaangika, na familia ya mfagiaji ikayala yangali moto.

Huko Laini, dereva wa tingatinga alizima injini na kunifuata ofisini. "Bwana, karatasi inasema nibomoe Laini. Laini zilishabomolewa jana, nimesikia mwenyewe. Sasa zile ni nini?"

Nilimjibu kwa uaminifu kwamba sina taarifa rasmi. Akarudisha tingatinga karakana.

Jioni, Ikulu ilipiga simu kumsifu Meja kwa kutoa nyumba yake kwa vibarua kwa hiari. Picha ilikuwa imependeza. Hapo ndipo shida yake ilipoanza, kwa sababu mtu aliyesifiwa kwa hiari hawezi kuomba nyumba nyingine bila kueleza hiari yenyewe ilikuwa ya namna gani. Maafisa wenzake, waliokuwa wakilala kwa mashemeji, hawakumkaribisha. Basi Meja Drani alihamia kwa muda katika chumba cha mwisho cha Laini, kilichokuwa cha Bibiane. Kilikuwa wazi, na bado kilinukia samaki.

Mvua zikaanza.

Alhamisi moja nilipita nyumbani kwa Mama Nusura, ambako watu walipanga foleni barazani kumweleza shida zao. Kati yao alikuwa Meja, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi.

"Na wewe, mwanangu?" Mama Nusura alimwita kwa mbali.

"Bati," Meja alisema chini chini. "Linavuja. Juu ya kitanda."

"Pole sana. Subiri kidogo. Huyu Bibiane ametangulia, bomba la kwenu kule halitoi maji ya moto."

"Lile huwa unalipiga teke," Meja alimwambia Bibiane. "Upande wa chini."

"Aksanti, afande."

Zamu yake ilipofika, Mama Nusura alimsikiliza kama alivyomsikiliza kila mpangaji, bila kumuuliza alikuwa nani wala alifanya nini. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani, alilipeleka mbele ya Baraza. Alisimama wima kikaoni.

"Mwenyekiti, mpangaji wa Laini, chumba cha mwisho, paa linavuja. Ana haki kama wengine. Naomba Baraza litume fundi leo."

Mwenyekiti, Meja Drani, alinitazama kwa macho mekundu, macho ya mtu aliyekuwa tayari kukubali.

Ilinibidi nimkumbushe utaratibu, kwa sauti ya chini. Kutuma fundi ni kusema kwamba Laini zipo. Kusema kwamba zipo ni kuitilia shaka redio. Koplo alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza. Jibu nilikuwa nimekwisha kuliandaa, nikaliweka mbele yake: *Baraza linasikitika kumjulisha mpangaji kwamba chumba anachodai kuishi hakipo, na kwa sababu hiyo hakiwezi kuvuja.*

Safari hii alisoma. Alisoma mara mbili, kisha akatia saini. Alipiga chafya juu ya saini, nadhani kwa mafua. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha hadi asubuhi.